Laptopu ya Kanyangi na Ukurasa wa Mzee Mutua

Alhamisi, Oktoba 1999. Kanyangi.

Jua limezama lakini bati la ofisi bado linatoa joto. Mawingu yamekaa upande wa Yatta siku ya tatu leo, na hakuna hata tone lililoanguka.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Acha niandike.

Wiki hii yote nimepigana na laptopu. Ililetwa kwetu kutoka ofisi ya Kitui baada ya wao kupata mpya, ikiwa imechoka, kifuniko kimeshikiliwa na selotepu. Kazi yake hapa ni moja: kuweka orodha ya familia zinazopewa chakula cha msaada wakati huu wa njaa. Kazi yangu ni kuiandika hiyo orodha. Zamani nilikuwa mwalimu asiye na cheti. Siku hizi sokoni wananiita "Kimanzi wa kompyuta", na sitadanganya, nimelipenda jina hilo kupita kiasi.

Jumatatu iliganda mara nne. Mshale unasimama katikati ya skrini, kibodi inakufa, feni inalia kama nzi ndani ya chupa. Unazima, unawasha, unangoja, unaanza upya. Jumanne ikaganda mara saba. Na orodha ilitakiwa iwe imechapwa kabla ya leo, siku ya kugawa.

Nilijaribu yote ninayojua. Nilifuta barua za zamani nikidhani imejaa. Nikabadilisha waya unaotoka kwenye jenereta. Niliomba pia, kusema kweli. Halafu jana, Jumatano, nikaanza kuandika saa kwenye karatasi kila inapoganda, ndipo nikaona. Asubuhi saa moja inakaa karibu saa nzima. Saa saba mchana haimalizi dakika kumi.

Joto.

Nikaazima bisibisi ndogo kwa fundi wa redio, nikaifungua tumbo. Kwenye feni vumbi jekundu lilikuwa limeshikana kama blanketi, na nondo mmoja amekaukia humo. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikaiinua juu ya matofali mawili ipate hewa chini. Haikuganda tena. Nilipiga mluzi peke yangu.

Kama ningechapa orodha wakati huo na kwenda nyumbani, leo ningekuwa nimelala mapema.

Lakini niliogopa kwamba kule kuzimazima kumekula majina. Nikachukua madaftari ambayo wazee wa vijiji waliandika kwa mkono, nikalinganisha na skrini, jina kwa jina. Nikafika kijiji cha ng'ambo ya mto. Daftari la mzee wao, Mzee Mutua, lilikuwa na kurasa mbili. Kwenye skrini kulikuwa na mmoja.

Familia ishirini na tatu.

Hazikupotea wiki hii. Nilikumbuka papo hapo. Ilikuwa Agosti, alasiri, laptopu ikaganda nikiwa namalizia ukurasa wa pili, na sikuwa nimehifadhi. Nilipoiwasha nikaona jina la kijiji, nikaona majina chini yake, nikafunga daftari nikaenda kunywa chai.

Siku ya kugawa mwezi wa tisa, mama mmoja mjane anayeitwa Ndunge alifika mbele ya meza yangu, gunia amelikunja kwapani. Nikatafuta jina lake. Halipo. Akasema, "Mwanangu, Mzee Mutua aliniandika nikiona." Mimi nikamjibu foleni nzima ikisikia, "Mama, kompyuta haidanganyi. Kamuulize Mutua."

Wakaenda kumuuliza, wote wa ukurasa ule. Ikasemwa aliuza nafasi zao. Ikasemwa aliingiza jamaa zake. Kamati ya chakula ikamtoa. Mkewe akaacha kuimba katika kwaya ya kina mama. Nilisikia hayo yote na nikasikitika kama wengine, kwamba hata Mutua, mtu wa kanisa!

Wazo la kwanza lililonijia jana naliandika kama lilivyokuja: ingiza majina kimya kimya, nani atajua? Watu watapata mahindi, watafurahi, yataisha. Nilianza hata kuyapiga. Nilipofika jina la kumi na moja nikaona ni la Ndunge, na vidole vikakataa.

Nikahifadhi. Nikapanda baiskeli.

Mzee Mutua alikuwa akitengeneza ua wa mbuzi. Alinipa kigoda bila kuuliza nimeleta nini. Nilimfungulia daftari, nikamweleza kwamba kosa ni langu. Alipitisha kidole juu ya mwandiko wake, jina kwa jina.

"Kwa hivyo ulijua mimi sikuiba."

"Hapana mzee. Nimejua leo."

"Hukuangalia."

Nikalifunga daftari.

"Hili daftari lilikuwa kwako wakati wote," akasema. "Nilituma mtu mara mbili akuambie uangalie. Ukasema uko na kazi mingi."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau hilo, au nilikuwa nimejisahaulisha.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa amesikia. "Kesho utasema haya mbele ya watu," akaniuliza, "ama umekuja tu kuosha roho yako hapa kwetu?"

"Nitasema, mama."

"Haya basi. Kunywa uji uende."

Sikuweza kuumaliza ule uji. Nikarudi ofisini nikaandika majina yaliyobaki, yote.

Leo asubuhi lori lilifika uwanja wa shule, na Madam Syombua, mkubwa wetu kutoka Kitui, akiwa mbele na dereva. Nilimweleza kabla hajashuka. Akafungua mlango wa lori. Kisha akasema, "Kimanzi, si ungeongeza tu hayo majina? Sasa watasema orodha zetu zote ni mbaya."

Inawezekana yuko sahihi. Niliogopa. Nikachukua kipaza sauti kabla hajasema nisikichukue.

Nilizungumza Kikamba ili hata wakongwe wasikose neno. Nilisema kompyuta iliganda, sikuhifadhi, sikukagua, na nilipoulizwa nikajigamba. Nilisema Mzee Mutua aliandika kila mtu wake. Kelele zikazuka. Mwanaume mmoja akapaza sauti, "Na mahindi ya mwezi uliopita tutakula lini?"

Nikashusha kipaza sauti. Madam ndiye aliyesimama akasema ataomba huko juu. Hakuahidi.

Ndunge alipofika mezani nilimsalimu. Hakuitika. Aliweka kidole gumba kwenye wino, akabonyeza karatasi, akajaziwa gunia, akaenda. Nilitaka aseme kitu, hata anitukane.

Mzee Mutua alisimama karibu na geti tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kamati alimfuata, akamshika mkono, wakaongea. Sikusikia. Nilimwona mzee akikataa jambo, kisha akakaa kwenye jiwe akavua kofia, akajipepea. Mkewe ndiye aliyekuja kuchukua fungu lao.

"Umesema," akaniambia.

Basi, neno hilo moja. Nimekuwa nikiligeuzageuza tangu mchana na sijui kama lilikuwa la kunisamehe au la kuhesabu tu kwamba nimetimiza.

Laptopu imeshinda kutwa bila kuganda hata mara moja. Wiki iliyopita ningelitangazia soko zima.

Madam amesema niende Kitui Jumatatu na barua ya kujieleza. Huenda nikabaki na kazi. Huenda nikarudi kufundisha, kama kuna shule itakayonitaka bila cheti. Nimeianza barua mara tatu kwa kalamu, na mara zote tatu sentensi ya kwanza imeanza na neno "kompyuta". Nimezichana.

Hii ni karatasi ya nne. Nimeandika "Mimi", na tangu hapo nimekaa nalitazama hilo neno, nikijiuliza kwa nini ni vigumu hivi kuliandikia neno linalofuata.