Transfoma ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, hujambo? Mimi kuandika nilijifunzia kwenye barua, sijui kuanza bila salamu. Basi sisi hatujambo. Baba Cheche mzima, ni magoti tu. Cheche binti yangu mzima, anakonda kwa kazi za karakana lakini mzima. Paka mzima, na ana mimba tena. Wifi yangu, dada yake Baba Cheche, naye mzima — kanuna, lakini mzima. Na mimi mzima, roho tu ndiyo haitulii.

Ni kwa ajili ya Cheche. Anaunda amplifaya ya valvu, yaani zile taa za vioo za redio za zamani. Juu ya meza yangu ya kulia! Kafumua redio yetu ya harusi atoe transfoma, kibonge cha chuma kinachopokea sauti kwenye valvu na kuipeleka kwenye spika. Lakini zinatakiwa mbili, pacha, moja ya kulia na moja ya kushoto. Na pacha yake imo ndani ya redio ya Wifi.

Jumanne, 4 Machi
Tumekwenda kwa Wifi. Redio ni ya marehemu mumewe. Wifi alikaa nayo mapajani kama mjukuu. Cheche akamwambia, Shangazi, naitoa transfoma tu, na wewe ndiye utakayesikiliza wa kwanza. Akakubali. Jumapili atakuja na santuri za marehemu. Kisha akanishika mkono mimi — Mama Cheche, nakukabidhi wewe. Unitunzie.

Jumatano, 5 Machi
Transfoma ya Wifi imekaa mezani tangu jana, Cheche alipoitoa redioni. Kutunza ndiko huku? Vumbi la miaka, mafuta, mavi ya mende! Kitu cha marehemu! Cheche alikuwa kazini. Nikapasha maji. Beseni, sabuni, mswaki mkuukuu. Maji yalitoka meusi mara tatu. Nikaipangusa, nikaianika dirishani, nikairudisha mezani. Inang'aa! Sijamwambia Cheche, aje ashangae mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Kashangaa.

Kaweka mita ya kupimia umeme, waya wake mmoja kwenye nyaya na mwingine kwenye chuma. Sindano ilitakiwa ilale. Iliamka. Umeme unavuja, Mama. Eti ndani nyaya zimetengwa kwa karatasi, na karatasi ikinywa unyevu basi. Ikiwashwa hivi, kwa volti mia tatu, inaungua moja kwa moja.

Nikauliza kwa sauti ndogo, unyevu umetoka wapi? Alidhani nyumbani kwa Wifi. Halafu akasema hapana, labda ni mimi, niliishika vibaya wakati wa kuitoa.

Nikaenda kumenya viazi. Nimemenya viazi vya wiki nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Cheche kampigia Wifi. Shangazi, nisamehe, nahisi nimeiharibu transfoma ya marehemu. Sauti ya Wifi niliisikia kutoka mlangoni, na simu ilikuwa sikioni kwa Cheche! Alipokata alijifuta macho kwa shati.

Nikasema, niliiosha.

— Uliifanya nini?

— Niliiosha. Kwenye beseni.

Baba Cheche hakuinua uso kwenye gazeti. Uliisuuza vizuri lakini?

Cheche alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama, umefua transfoma! Akanikumbatia. Kisha akaniachia. Lakini Mama, nimeomba msamaha wa kosa lako.

Hilo limenichoma kuliko matusi. Nimemwahidi nitamwambia Wifi mwenyewe, uso kwa uso.

Cheche katoboa sanduku la kadibodi, kaweka transfoma na taa ndogo, ile ya zamani yenye joto, ili ikauke. Polepole, anasema. Ikipata moto mwingi, nta ya ndani itayeyuka.

Jumamosi, 8 Machi
Naigeuza kila saa. Baba Cheche anauliza itaangua lini. Asubuhi sindano ilipanda nusu. Adhuhuri, robo. Saa kumi, chini ya hapo. Ee Mungu wangu!

Cheche kasema sindano ikilala kabisa ataunga. Isipolala hawashi, hata Shangazi alie. Na mimi nimemwambia hagusi volti mia tatu bila viatu vya mpira. Kavaa malapa yangu. Yanamtosha sasa, mtoto huyu.

Jumapili, 9 Machi
Sindano bado inatetemeka. Kidogo! Kama mtu anayepitiwa na usingizi.

Wifi kafika kabla ya wakati, kajipaka manukato, santuri kifuani. Kaona sanduku lenye taa. Mmefuga vifaranga?

Nikasema, hapana wifi, ni transfoma yako. Cheche hana kosa. Ni mimi niliyeiosha, kwa maji na sabuni.

Wifi kaweka santuri chini. Kainama, kaingiza mkono, kaigusa kwa mgongo wa kiganja, vile unavyopima homa ya mtoto. Hakuitoa. Kavuta kiti, kakaa kando ya sanduku.

Mimi nimekimbilia jikoni na daftari, nasingizia chai. Maji yamechemka zamani. Namsikia anamwuliza Cheche, inageuzwa baada ya muda gani? Kila saa, Shangazi. Na nani? Mama.

Sasa ananiita. Mama Cheche! Njoo hapa upesi. Na hiyo sabuni uje nayo, hizi santuri nazo zina vumbi.