"Sisi" ya Vumilia

Tunduma, Jumamosi, Januari 2014

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka imefika hadi mbele ya duka langu, na tope limeingia mpaka rafu ya chini, kwenye vitabu vya kidato cha pili. Lakini tope si kitu. Kilichoniharibia siku ni neno moja dogo, na naliandika hapa kabla sijamtapikia mtu asiyehusika.

Vumilia ni binti wa kaka yangu wa kijijini Ndalambo. Amemaliza kidato cha nne na Jumatatu anaitwa Mbeya kwenye mahojiano. Akipita, atasomeshwa bure kwa miaka miwili katika programu ya kimataifa, ile inayomwandaa mtoto kwa chuo kikuu chochote duniani. Masomo sita, insha ndefu ya utafiti wako mwenyewe, kazi za kujitolea, usingizi kidogo. Si lelemama. Asipopita, atarudi shambani, na posa inanukia.

Kaka alimleta leo. Nikamwita Baraka, kijana wa jirani yangu, ambaye yuko mwaka wa pili kwenye programu hiyohiyo na amekuja likizo. Nilitaka ampe ushauri.

Alianza vizuri, sitamnyima haki yake. "Usichague somo kwa sababu rafiki yako kalichagua. Insha usiiache mpaka mwisho, itakuua. Na usipoelewa uliza siku hiyohiyo, kule hakuna wa kukucheka." Vumilia alikuwa anatikisa kichwa, kaka anatikisa kichwa, hata mimi nilitikisa.

Kisha Baraka akajifanya msaili. Akavuta kiti, akakunja nne, akamuuliza kwa Kiingereza: una maoni gani kuhusu mpaka huu?

Vumilia akajibu kwa Kiingereza chake cha Ndalambo, polepole, bila kukosea sana. Sisi, alisema, mpaka tunauona siku ya mahindi tu. Siku ya msiba hatuuoni. Bibi yetu akifiwa upande wa Zambia, sisi tunavuka na kuni na unga na hakuna anayetuuliza kitu. Wiki inayofuata tukivuka na gunia palepale, sisi ni...

"Hapana, hapana," Baraka akamkata. "Sisi, sisi, sisi! Nimekuuliza wewe. Huna mawazo yako binafsi? Dada, ukijibu hivi wamekutupa mlangoni."

Nimesoma magazeti na vitabu vya siasa tangu enzi ya Ruksa, biashara ilipofunguliwa, nimewasikia wasomi wakizungumzia mipaka ya Afrika kwa saa nzima, na sijasikia hata mmoja aliyeanzia kwenye msiba. Huyu alianzia hapo. Alibakiza neno moja, "walanguzi", tuwe tumemaliza mjadala. Akakatwa kwa sababu ya kiwakilishi!

Mtoto wa kabila letu la Kinamwanga aliyelelewa hasimami mbele ya wakubwa akasema "mimi naona". Hiyo ni jeuri. Anasema "sisi", anajificha kidogo ndani ya wenzake, na humo ndani anafikiri sawasawa kabisa. Kwetu hata heshima huenda kwa wingi. Wazambia wakija dukani wananiita "bamayo", kama kusema akina mama, na mimi niko peke yangu.

Tumewachapa watoto hawa miaka kumi na moja waitikie kwa pamoja, ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Mmoja akithubutu kusema "mimi", tunamwambia ana mdomo. Halafu tunamweka mbele ya meza ya wageni na kumuuliza: wewe binafsi unaonaje? Akijibu kwa adabu ileile tuliyomtia kwa fimbo, tunasema hana fikra. Na anayesema hivyo ni nani? Baraka, mtoto wa hapahapa, aliyekula ugali wangu, ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa haongei mbele ya baba yake mpaka asukumwe.

Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo mama yake atayasikia kesho kanisani. Akaondoka na mwavuli wangu.

Kaka ndiye aliyenitisha. "Kama huyu wa jirani tu kamkataa, hao wenye shule yao watamfanyaje?" Akatoka kwenda kutafuta gari la kurudi Ndalambo.

Nikabaki na Vumilia, nikaanza kumfunda mbio mbio. Sikiliza, nikamwambia, kule mezani sema "mimi". Ukirudi nyumbani sema "sisi". Ni kama kubadilisha viatu mlangoni.

Akafikiri kidogo. "Sawa, shangazi. Na nikiwa peke yangu nafikiri, nifikiri kwa lipi?"

Kaka akarudi, ameloa, amepata gari. "Vumilia, chukua mfuko. Twende."

Hakuinuka. Macho yake yalikuwa sakafuni, panapotakiwa. "Baba, samahani. Sisi tumeamua kubaki. Jumatatu tunakwenda Mbeya."

Kaka akanigeukia kama simba. "Sisi na nani? Umeshamtia maneno?"

"Shangazi hajasema kitu, baba. Ni sisi. Peke yetu."

Kaka akakaa kwenye boksi la daftari na kuanza kucheka, kicheko cha baba yetu marehemu hasa, kile cha puani.

"Haya," akasema. "Mkiwa wengi hivyo, mimi nitawaweza wapi?"

Gari likaondoka bila wao.

Wamekwenda kulala sasa, na hasira yangu bado imekaa kitako. Jumatatu duka halifunguliwi. Nitakaa nje ya mlango wa mahojiano, na atakayemkata kabla hajafika kwenye gunia, atanisikia.

Ila lile swali lake bado sina jibu lake. Nimejaribu kulijibu hapa, na kila ninapoanza na "mimi" nakuta nyuma yake wamejaa watu.