Wimbo wa Kumfukuza Mkwe

Mwenzangu, nimeharibu. Leo mechi ya mwisho ya ligi, timu anayoifundisha mkwe wangu imeshuka daraja, na uwanja mzima umemwimbia wimbo wangu.

Ule wa utani, ninaomwimbia jikoni kila timu yake ikifungwa: "Kocha, funga virago."

Tulipofungwa la pili nikauimba chinichini tu. Jirani akadaka, jukwaa likadaka. Nikawaambia, "Jamani, yule ni mume wa binti yangu." Wakasema, "Bibi, imba, sauti unayo."

Uwanja mzima, mwenzangu. Mkwe akageuka, akanitazama mimi.

Viongozi wa klabu wamemfukuza palepale.

Sasa yuko jikoni kwangu anaosha vyombo, anauimba taratibu. Ameniuliza, "Mama, ubeti wa pili unasemaje?"

Niambie nimjibu nini.