Somo la Alasiri Bila Aylin

Mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, Jumanne. Baridi kavu, na upepo wa vumbi jekundu tangu asubuhi. Nimefunga dirisha lakini meza imekuwa nyekundu vilevile. Sina hamu ya kuifuta.

Niandike kwanza lililotokea, maana nikianza na ninavyojisikia sitafika popote.

Asubuhi nilifungua simu nikakuta ujumbe wa kampuni ninayoifundishia Kiingereza mtandaoni. Mistari michache, yenye adabu sana. Wananishukuru kwa mchango wangu. Kuanzia leo wanabaki na walimu wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Nikajaribu kuingia kwenye akaunti yangu. Nikaandika neno la siri, nikaliandika tena polepole, herufi moja moja, kama vile kosa lingekuwa la vidole vyangu.

Imefungwa.

Sikulia. Nilienda kuchota maji, kwa sababu ndoo ilikuwa tupu.

Kiingereza changu nilikianzia Ndola, upande wa Zambia, nilipokaa kwa shangazi nikiwa mtoto. Nikakimalizia chuoni, Kasapa, nikatoka na diploma ambayo Papa aliitia kwenye fremu. Baada ya hapo nilibisha hodi kila mahali: kwenye shule, kwenye migodi, hadi Kinsevere niliposikia wanatafuta wakalimani. Hakuna aliyejibu. Kampuni hii ndiyo pekee iliyonikubali. Nilipoona jina langu kwenye kioo cha kompyuta, na neno "mwalimu" kando yake, niliamini kwamba ile miaka ya Kasapa haikupotea.

Lakini kinachonichoma leo si kazi. Ni Aylin.

Aylin ni muuguzi, yuko Uturuki. Anataka kwenda kufanya kazi katika hospitali moja ya Uingereza, na wiki hii watu wa huko watamhoji. Alipoanza kusoma nami aliogopa hata kujitambulisha. Akikosea alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamfundisha avute pumzi kwanza, ajibu baadaye. Anajua kwamba mama yangu alifariki. Mimi najua kwamba mume wake hataki aondoke. Tuliambiana mambo hayo kwa sentensi fupi fupi, huku tukisahihisha vitenzi.

Jana tulikubaliana kwamba leo tungefanya mazoezi ya mwisho.

Sina namba yake. Kampuni ilitukataza kupeana, na sisi tulitii kama watoto wa shule. Jina lake la pili silijui. Ataingia saa yetu ileile, atakuta mtu mwingine, au hatakuta mtu. Atafikiri nimemkimbia.

Papa sikumwambia. Alikuwa fundi wa reli, kama baba yake, hadi treni zilipopungua na yeye akarudishwa nyumbani. Tunaishi wawili. Tangu nianze kufundisha amejipa kazi ya kulinda ukimya wangu. Alasiri ikikaribia anatoka uani, anawaomba majirani wapunguze redio. Leo nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia nilipomsikia nje, akimwita jirani tunayechangia naye ua:

"Mama Ngoie, acha kwanza kutwanga sombe! Mwalimu iko nafundisha."

"Pardon, Papa Ilunga. Tutangoya."

Kinu cha majani ya muhogo kikanyamaza. Mtoto aliyekuwa analia akabembelezwa, naye akanyamaza. Ua mzima ulikuwa kimya kwa ajili yangu, na mimi sikuwa na mwanafunzi.

Ningetoka, niseme. Sikutoka.

Basi nikakaa mezani. Nikawasha kompyuta, na ile taarifa ya kufungwa kwa akaunti ikajitokeza palepale ambapo uso wa Aylin huwa. Nikaisalimia kwa Kiingereza. Nikauliza swali ambalo watakaomhoji wiki hii hawataacha kumuuliza: tuambie wewe ni nani. Nikasubiri kidogo, kama ninavyomsubiri yeye. Kisha nikasema vizuri sana, rudia, usikimbie.

Nilijiona kama kichaa. Nikaendelea.

Nikauliza lingine: kwa nini unataka kuondoka nchini kwako? Hapo nikashangaa kujikuta ninajibu mwenyewe. Nikasema mimi ni mwalimu. Ninaishi Lubumbashi. Ninamtunza baba yangu. Sentensi zote zilikuwa sahihi, hakuna mtu, awe amezaliwa popote, ambaye angezikosoa. Nikatafuta sentensi nyingine. Haikuja. Nikakaa tu, mikono mezani, kwenye vumbi.

Papa akaingia na kikombe cha chai. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Yeye Kiingereza hajui hata neno, lakini visikizio vyangu viliharibika kitambo, kwa hiyo sauti ya Aylin hutoka wazi kwenye kompyuta, na ukuta wetu ni mwembamba.

"Leo ule mwanamuke hakujibu kintu," akasema. "Siku yote nasikiaka sauti mbili. Leo nilisikia yako tu."

Nikamwambia.

"Balinifukuza, Papa. Banasema banataka tu bale bantu Kiingereza iko luga ya kwabo."

Akatazama ile fremu ukutani.

"Na Kifaransa balitufundishaka ku masomo, ilikuwa luga ya kwetu?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kweli.

"Na ule mwanamuke? Anajua?"

"Hajui, Papa."

"Maskini," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kunywa chai, mama."

Ananiita mama akinihurumia, kama wazee wengi wa hapa wanavyowaita binti zao. Nilingoja aseme kwamba Mungu yupo, kwamba nitapata pengine. Papa husema hivyo kwa kila jambo, hata kwa homa, hata kwa paa linalovuja. Leo hakusema. Aliinuka akishika magoti yake, akatoka.

Hilo ndilo lililonitisha zaidi kuliko ule ujumbe.

Nikamsikia Mama Ngoie akimuuliza:

"Mwalimu amemaliza?"

"Amemaliza. Mwanafunzi yake alifaulu. Anaenda kutumika kazi ku Ulaya. Haiko tena na lazima ya masomo."

Baba yangu, ambaye simjui kwa uongo.

Mama Ngoie akapiga vigelegele. Wanawake wa nyumba ya nyuma wakamwitikia bila hata kujua ni vya nini. Mtu akaongeza redio. Mchi ukarudi kwenye kinu, kwa nguvu zaidi kuliko kawaida, na mimi nimekaa humu ndani, nashangiliwa.

Chai imepoa sijaigusa. Ninaandika haya kabla jua halijazama, maana umeme hatuna na betri inakwisha. Nimefungua kurasa za kampuni nyingine zinazotafuta walimu. Swali la kwanza ni moja kote: umezaliwa wapi. Nimezifunga.

Labda Aylin atafaulu kweli. Labda atavuta pumzi kwanza. Sitajua kamwe, na yeye hatajua kwamba leo nilikuwepo, saa yetu ileile, nikimngoja.

Kesho nikitoka kuchota maji Mama Ngoie atanishika mikono yote miwili anipongeze. Namjua, hatakomea hapo. Ataniomba nimfundishe binti yake, ili na yeye siku moja aende Ulaya.

Nitamtazama usoni nimwambie nini?