Mama, Mfadhili Wetu Alihudumia Wageni

Mama yangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita nilikukumbuka mpaka nikacheka peke yangu mbele za watu, nikaona heri nikuandikie.

Ile siku yetu ya programu huria, uliyokuwa ukiiita "harusi ya makompyuta", bado ipo. Watu wanaleta kompyuta zao, tunawawekea programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichokonoa na kumgawia jirani. Mwaka huu tulikosa ukumbi. Kampuni moja inayouza programu za leseni, zile usizoweza kuzifungua wala kumgawia mtu bila kulipia ruhusa, ikajitolea kutulipia ukumbi mtaa wa Gihosha pamoja na chakula. Nikafurahi, kisha nikasoma masharti: wao ndio wafungue mkutano, bango lao lijaze ukuta, na kila kompyuta iondoke na programu yao. Wenzangu wakasema tukubali tu, la sivyo mwaka huu hatuna kitu. Nilikasirika, mama. Nilijua tukikubali, siku hiyo haitakuwa yetu tena.

Ndipo nikakumbuka harusi ya binti wa jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, ulipokuwa mpishi mkuu. Yule mwenye duka la vitambaa alikuwa ametoa mchele wote, akataka jina lake litangazwe kwenye kipaza sauti na aketi ubavuni mwa bwana harusi. Wewe ukamfunga kitenge kiunoni kama wahudumu wengine.

"Apana, papa," ulimwambia. "Kwetu mwenye ametoa mingi njo mwenye anagawa masahani."

Alinuna kidogo tu, mtoaji mkubwa kugeuzwa mgawa sahani. Kufika alasiri alikuwa anajua mtoto gani anapenda ukoko, na anacheka kuliko wote.

Basi nikaenda kwa mkurugenzi wa kampuni, Bwana Désiré. Nikamshukuru kwa ukumbi, nikamwambia hotuba hakuna, bango dogo tu mlangoni, lakini yeye na vijana wake wakae kwenye meza ya kuhudumia, wawawekee watu programu zetu. Akauliza kama aje na suti. Nikamwambia aiache nyumbani.

Na alikuja, mama, mikono ya shati imekunjwa. Watu kutoka mtaa wa Kinama walikuwa wamejipanga mstari tangu asubuhi. Ikafika zamu ya Mzee Juma, fundi wa pikipiki. Alipoona kompyuta yake imewaka, akauliza:

"Na nikitaka kumupa ndugu yangu hii programu, ruhusa naomba kwa nani?"

Bwana Désiré anaishi kwa kuuza ruhusa hiyo hiyo. Akajifuta jasho, akamrudishia mzee kompyuta yake.

"Hakuna mutu wa kuomba, muzee. Mupatie tu."

Nilitoka nje nikalia kwa furaha, nikitamani ungekuwepo umsikie kwa masikio yako.

Pumzika kwa amani, mama. Siku yetu haijauzwa.

Binti yako mkubwa