Kitufe Kisicho na Jina

Al Muraqqabat, Dubai
Jumamosi

Kwako Dada Annah,

Salamu nyingi kutoka chumba chetu cha watu wanne. Natumai mguu wako umepona na wanafunzi wako hawajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo si mzima, utaona kwa nini.

“Mteja asiyeona atafute mtu wa kumjazia fomu.” Ndivyo kampuni ya mizigo ilivyokujibu, nawe ukaniomba nimchape kwa kalamu aliyeandika hayo, kama nilivyokuwa nikiwachapa mawaziri gazetini huko nyumbani. Basi namchapa. Ni mjinga, tena mwenye kiburi! Umefundisha hesabu miaka ishirini na miwili, unalipa karo na stima kwa simu yako inayosema, halafu akutume ukaombe macho ya shemeji Gibson? Uliomba fomu inayosomeka, basi.

Barua yako nilimsomea Terry, binti wa Nyeri anayechora tovuti ofisini kwetu Garhoud. Alinifunga macho kwa skafu yake, akawasha sauti ya simu, akaniambia yalla, haya, Mhariri, tuma mzigo. Nikasikia kitufe, kitufe, kitufe. Vyote bila jina, kwa sababu vilikuwa vipicha tu. Nilibonyeza mara tatu, na mara tatu nikafuta mzigo. Terry alicheka, kisha akanifungua skafu. Ndivyo ulivyoufuta wa kwako, na mashine sita za breli zikabaki ghalani muhula mzima. Ghala letu, dada; kampuni hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi. Kuhusu gazeti nilikudanganya, sijawahi kufanya kazi katika gazeti lolote la hapa.

Bosi wetu Munir alisema herufi za dhahabu juu ya nyeupe ndiyo sura ya kampuni, khalas, mjadala umekwisha. Niligombana naye wiki mbili. Leo kurasa zote zinafanana, herufi ni nyeusi, kila kitufe kina jina na kinakaa mahali pale pale. Wenzangu wananipongeza, nami natazama sakafu.

Jibu lile nililiandika mimi. Malalamiko yako yalinifikia siku niliyokuwa na barua pepe mia za wateja za kujibu. Niliona neno “sioni”, nikajibu kwa sentensi moja, sikufika chini penye jina lako. Mimi, niliyewatukana watu maisha yangu yote kwa kutosoma. Na kama jina lingekuwa la mtu mwingine, nisingeona aibu hata leo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimekutumia maandishi matupu ili simu ikusomee. Sikutaka uyasikie haya kwa sauti ya shemeji. Msalimie, na Mama pia, ukiona vema kumwambia.

Sasa wewe na wanafunzi wako wa kidato cha pili: Jumatatu fungueni fomu mpya, shemeji akae nje. Bonyezeni “Thibitisha” wenyewe. Mkikwama popote, mwandikieni Munir, na mtaje jina langu lote, mimi niliyeandika jibu lile.

Mdogo wako,
Naftali