Nilimwambia Mtoto "Nikupige"

Kimisagara, Jumanne, mwezi wa kumi na moja, 1994

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimefunga studio yangu ya picha saa tisa, mapema kuliko siku yoyote tangu niifungue.

Leo nimemtisha mtoto kwa neno moja.

Consolata ni mama wa makamo anayeishi Kagarama. Aliingia amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama sita, kavaa gauni la mtu mzima lililopandishwa pindo. Akanieleza kwa Kinyarwanda kwamba alimwokota barabarani mwezi wa saba, vita vilipokwisha, hana mtu, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Anamwita Mahoro, yaani Amani, kwa kuwa ilibidi amwite kitu. Alitaka picha ya kubandika kwenye ubao wa watoto waliopotezana na ndugu zao, huenda akapita mtu akamtambua.

Nikamketisha mtoto kwenye kigoda mbele ya pazia. Mimi nimezaliwa Ngara, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, na hapa Kigali sijamaliza hata miezi mitatu. Nikizama kazini, Kiswahili hunitoka chenyewe. Nikainamia kamera, nikasema kama baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, alivyokuwa akisema kila siku: "Tulia, mwanangu, nikupige."

Mtoto akashuka kigodani, akachuchumaa, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Hakulia. Alikuwa anasubiri tu.

Consolata akauliza nimemwambia nini. Nilipokuwa namtafsiria ndipo nikasikia nilichosema.

Baba aliwahi kunieleza kwamba picha ni neno la Waingereza, sisi tumelifupisha tu likawa letu. Lakini kupiga ni kwetu kabisa. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia. Labda watu wa kwanza waliona kidole kikibonyeza, wakasikia ule mlio, wakaona hakuna neno jingine linalofaa. Wa hapa husema gufotora, wamelitoa kwenye Kifaransa, halina kofi ndani yake. Mimi letu nimelitumia miaka yote bila kulisikiliza.

Aliyeng'amua ni Consolata.

"Kumbe anajua Kiswahili," alisema taratibu, kwa Kinyarwanda. "Na mimi sikijui."

Nikaiweka kamera mbali, nikaketi sakafuni. Nikamwomba mtoto msamaha kwa Kiswahili. Nikamwambia nilikosea, kwamba kile kisanduku kinatazama sura ya mtu na kuiweka kwenye karatasi, basi. Tulikaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Hatimaye mikono yake ikashuka. Nikamuuliza anaitwa nani.

"Zaina."

Sauti ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Consolata alilirudia jina hilo. Nilimuuliza Zaina kuhusu mama yake, akageuza uso. Sikuuliza tena, na najilaumu kwamba niliuliza.

Baadaye ni yeye aliyeitazama kamera.

"Inauma?"

"Haiumi."

Alikubali picha moja tu, Consolata akiwa amemshika mkono. Ameangalia moja kwa moja mbele, bila kupepesa. Sijui kama nilikuwa na haki ya kumwahidi kwamba haiumi. Nani atakayeitambua sura hiyo ubaoni, na itamuuma kiasi gani?

Mlangoni Consolata aliniomba nimfundishe kusema neno moja tu kwa Kiswahili: usiogope. Alilirudia mara mbili, likamshinda ulimi. Zaina akalitamka taratibu ili Consolata amfuatize. Kisha wakaenda zao mvuani, gauni likiburuza tope.

Tumepatana kesho tupande Nyamirambo, ambako nyumba za Waswahili ni nyingi, tuulize mlango kwa mlango nani amepotelewa na Zaina. Nitakwenda. Ni mimi ninayejua lugha.

Naogopa tusikute mtu. Na nikisema kweli, naogopa pia tumkute ndugu yake, kisha nimsindikize Consolata kurudi Kagarama bila mtoto.